Maisha ya Filomena Adyero, Aliyedai Mashine Irudishwe

Yamesomwa na mdogo wake, Obwona, katika ua wa Maghorofa ya Lwazi, Bukoto, Kampala, Ijumaa tarehe 16 Juni 2023, kabla ya safari ya kumpeleka nyumbani Kitgum.

Filomena Adyero alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959, nje kidogo ya mji wa Kitgum, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi cherehani wa misheni na mkewe. Mimi ninayesoma ni wa saba. Familia imeniomba nisome kwa sauti ya upole kwa kuwa wageni wakubwa wapo, na nimesema nitajitahidi. Anayenijua anajua kwamba sikuahidi zaidi ya hapo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akamaliza darasa la saba. Huko masista walimfanya kiranja wa usafi, na cheo hicho hakukivua maisha yake yote. Kila Jumatatu kabla ya kengele alikagua kucha, shingo na nyuma ya masikio ya wenzake. Hata alipokuwa na wajukuu, mtu akiingia kwake alitazamwa mikono kwanza, kisha ndipo akaulizwa habari za safari. Kuendelea na sekondari hakukuwezekana, kwa sababu baba alikuwa ameshaamua kwamba wasichana watabaki nyumbani kumsaidia mama. Dada alilizungumza jambo hilo kwa kinyaa hadi mwisho, nami sioni sababu ya kulipamba leo.

Tarehe 29 Aprili 1978 alifunga ndoa na konstebo Lawrence Okot. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ochan na Abalo. Vita vya mwaka 1986 viliwakuta kaskazini. Mwaka uliofuata Okot alirudishwa kazini, na mwezi Machi wakashuka Kampala na wanawe, mimi nikiwa nyuma nimebeba godoro. Tulikaa katika kambi ya polisi, katika vile vibanda vya bati vya duara, ambavyo mchana vinachoma na usiku vinatoa jasho.

Hapo kambini ndipo dada alipojifunza ukaguzi. Wasiojua maisha ya kambi hudhani ukaguzi ni kufagia tu. La. Mkubwa akisema anakuja kesho, kila kinachoonyesha kwamba watu wanaishi hapo huondolewa: kamba za nguo, masufuria, bibi mgonjwa, mbuzi. Mkubwa anakuta vibanda vitupu vilivyopakwa chokaa, anasifu, anaondoka, na maisha yanarudishwa kutoka vichakani. Mwaka 1988 dada alikuwa na kuku watatu, na ufugaji ulikuwa umepigwa marufuku. Aliwafungia katika sanduku la sare za mumewe. Afande alipoligonga sanduku kwa fimbo, kuku mmoja akajibu kutoka ndani. Afande akasema, "Hii sanduku iko na nidhamu. Nagonga, inajibu." Akapita. Okot alipandishwa cheo kuwa koplo mwaka huohuo, na dada alishikilia siku zote kwamba ile ilikuwa kazi ya kuku.

Mwaka 1991 walipewa nyumba hapa Lwazi, chini kabisa katika Jengo A, mlango ule mnaouona umewekewa maua. Majengo haya matatu ni ya zamani, ya kabla ya Uhuru. Kuta zake zilikuwa zimechakaa na mabomba yake yalikuwa yakikohoa, lakini juu ya kila mlango na kila dirisha kulikuwa na matundu ya hewa. Aliyeyajenga, hata kama hakutupenda, alijua kwamba ndani kutakuwa na watu wanaopika.

Na dada alipika. Kuanzia mwaka 1992 alichemsha maharage na mboga ya malakwang yenye karanga, akayauza katika hospitali ya Mulago kwa watu wanaouguza wagonjwa wao na ambao hawana ndugu mjini wa kuwaletea chakula. Wengi walikuwa wametoka mbali, hawajui hata njia ya kwenda sokoni. Aliwalisha kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano. Maharage yanataka moto wa saa nyingi, moto wa polepole, na huo unatoka kwenye sigiri, jiko letu la makaa. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Perpétue, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, alikuwa akisema kwamba yeye hana haja ya saa, anajua saa sita imefika kwa harufu ya sufuria ya Mama Ochan. Hata baada ya Sajenti Okot kufariki mwaka 2009, kazi hiyo ndiyo iliyomlipia Abalo ada ya chuo hadi akamaliza masomo. Mjane wa polisi hukaa katika nyumba ya serikali kwa hisani tu, na dada hakuisahau hisani hiyo hata siku moja. Ndiyo maana alikuwa mwepesi mno wa kufurahisha wakubwa.

Sasa nafika mahali ambapo nimeombwa niwashukuru wafadhili. Nitaeleza kilichotokea, kisha kila mtu ataamua mwenyewe ni shukrani gani inafaa.

Mwaka 2017 ulikuja hapa Mradi wa Ghorofa Kijani. Tulikusanywa katika ua huuhuu tukaambiwa kwamba majengo yetu ya zamani yanapoteza nishati na yanachafua hewa ya dunia nzima. Dunia nzima, sisi ambao maji ya bomba tulikuwa tukiyaona kwa bahati. Tuliambiwa Jengo A litakarabatiwa kwanza, B na C yatafuata. Wakabandika kuta kwa mbao za povu gumu. Wakang'oa madirisha yetu, wakaweka ya vioo viwili yanayofunguka upana wa kiganja. Wakaziba matundu yote ya hewa, moja baada ya jingine, kwa kitu kama ugali mweupe kilichokauka kikawa jiwe. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa ni ili joto lisitoke. Katika mji huu ambamo mtu hawashi moto ili apate joto hata mwezi wa saba, walikuja kutufungia joto ndani. Michoro ilitoka huko kwenye theluji, na hapakuwa na mtu aliyejisumbua kuibadilisha.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Kila nyumba itapewa jiko la umeme, kwa hiyo hakutakuwa na makaa. Kama hakuna makaa, hakuna moshi. Kama hakuna moshi, matundu ya nini? Majiko ya umeme kweli yaliletwa, mazuri, yanang'aa. Lakini umeme wa yaka, ule wa kulipia kabla, unaisha maharage yakiwa bado magumu, na siku unapokatika mtaa mzima, hayo majiko ni sahani tu. Kwa hiyo sigiri zilibaki. Kila mtu katika Jengo A alijua zimebaki, isipokuwa waliolipwa kujua.

Februari 2018 ndipo alipokuja mhandisi wa mradi, Bwana Marjan, ambaye yuko hapa leo, na simwonei haya. Alileta mashine ndogo nyeupe, akaitundika ukutani katika nyumba chache, na ya dada ikiwemo. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili safi, kwamba mashine inapima hewa mnayovuta, ikae wiki nzima, na ninyi pikeni kama kawaida yenu. Angeongea na watu wengine wangemwelewa. Lakini aliongea na wake wa polisi. Wao walichoona ni mgeni kutoka kwa wakubwa, amekuja na chombo, anataka kutazama nyumba. Jioni ile dada aliwakusanya wanawake wote wa Jengo A hapa uani.

"Hii ni ukaguzi," aliwaambia. "Mimi sitaki kuona makaa hata moja kwa nyumba. Sigiri yote inaenda nyuma ya garagi mpaka hawa watu waondoke."

Na ikawa hivyo. Wiki nzima jengo zima lilipikia nyuma ya garagi, kwenye matope, kwa mwavuli. Kuta zilioshwa. Mashine ikakaa ukutani kwa dada ikivuta hewa ya nyumba ambayo ni kama haikuwahi kukaliwa na mtu. Mama Perpétue peke yake alikataa kubeba sigiri yake, akasema yeye hana mume polisi, lakini kwake hakukuwekwa mashine. Bwana Marjan alipoisoma, akakuta hewa safi kama ya kanisani Jumatano. Mradi ukatangaza ushindi. Wakampiga dada picha akitabasamu mbele ya jiko la umeme ambalo halikuchomekwa, wakaibandika kwenye mabango kutoka hapa hadi Port Bell. Wengine mnaisifu picha ile, na kuna mwenzetu ameileta leo ikae juu ya jeneza. Nimeiondoa.

Ushindi ule ulizaa jambo baya zaidi. Kwa kuwa sasa Jengo A lilitangazwa kuwa halitumii makaa, msimamizi wa majengo akapiga marufuku sigiri uani na nyuma ya garagi, zisije zikaonwa na wageni. Basi wanawake wakazirudisha ndani, wakafunga milango, wakapika kwa kujificha katika nyumba zisizo na tundu. Dari zikaanza kuwa nyeusi. Kuta zikatoa ukungu. Watoto wakaamka na vichwa vinavyouma, tukasema ni malaria.

Aprili 2019, siku ya mvua kubwa, mtoto mdogo wa Ayot, jirani wa ghorofa ya juu, alikutwa ameanguka sakafuni kando ya sigiri. Walimtoa nje kwenye mvua, akazinduka. Wanawake wakashukuru Mungu na kutaka kurudi kazini. Dada hakurudi. Alikaa chini kwenye ngazi, nguo zimelowa, na Mama Perpétue akamkalia karibu, akamwambia, "Mama Ochan, moshi haina fasi ya kutokea. Na bale batu banajua hakuna moshi, juu wewe ndiyo uliwaambia."

Hayo maneno ndiyo yaliyomwamsha. Kesho yake alivaa gauni la kanisani, akaenda ofisi ya mradi. Nilimsindikiza, kwa hiyo nayasema niliyoyasikia. Alimwamkia Bwana Marjan, akamwita mwanangu, akakataa kiti.

"Ile mashine mimi nilidanganya," alisema. "Tuliondoa sigiri yote. Leta mashine tena, nitapika mbele yake."

Bwana Marjan alimwita mama kwa heshima zote. Alimweleza kwamba matokeo yameshapelekwa, yameshasomwa huko ng'ambo, na hewa ya ukaa ambayo Jengo A limepunguza imeshahesabiwa. Akamuuliza angerudishaje mashine bila kusema kwamba walidanganywa na akina mama wa kambini. Dada akamwambia aseme hivyohivyo. Wakacheka pale ofisini, wakampa soda, tukarudi nayo mkononi.

Tangu siku ile alikuwa na kazi moja juu ya maharage yake. Alitaka mashine irudi kabla hawajayaziba majengo B na C. Alikwenda ofisi ile kila walipobadilisha mkubwa, na walibadilisha mara nyingi. Aliandaa pia ushahidi wake. Alimkataza kila mtu kufuta masizi katika nyumba yake. Yeye, kiranja wa usafi, aliyekuwa akitazama kucha za wageni, aliuacha ukuta wake uwe mweusi kuanzia usawa wa sigiri hadi darini, na mtu akishika kitambaa alimfukuza. Nilimuuliza mara moja kama haoni kinyaa kuishi hivyo. Alisema anaona, na kwamba anataka na wao waje waone.

Wapo watakaouliza kwa nini hakuchukua patasi akatoboa matundu mwenyewe. Nilijitolea kuifanya kazi hiyo. Lakini msimamizi alishatangaza kwamba atakayeharibu ukarabati atatolewa, na mjane angetolewa wa kwanza. Kisha alisema tundu lake moja litamsaidia yeye, halitasaidia Jengo B.

Alianza kukohoa mwaka 2020. Mwaka uliofuata madaktari wa Mulago, ambao familia inawashukuru kwa moyo wote, walimwambia kwamba mapafu yake yamechakaa kwa moshi, wakamuuliza amevuta sigara miaka mingapi. Hakuwahi kugusa sigara. Aliacha kuuza chakula Januari 2022. Watu waliokuwa wakila kwake walikuwa sasa wakimwona amelala katika wodi ileile aliyokuwa akiipelekea sufuria, na mmoja wao, ambaye sikumfahamu jina, alimletea uji kila siku aliyokuwa huko.

Mwezi uliopita Bwana Marjan alikuja kumjulia hali. Nadhani bango lilianza kumsuta na yeye. Alisema amepata ruhusa ya kurudisha mashine kwa wiki moja tu, katika nyumba ya dada, kabla kazi ya Jengo B haijaanza Jumatatu ijayo, tarehe 19. Aliahidi mbele yangu kwamba mashine ikikuta moshi, yeye mwenyewe atasimamisha kazi hiyo, na matundu ya Jengo A yatafunguliwa. Dada hakushukuru. Alimshika mkono, akamtazama kucha, akamwambia ni safi.

Mashine ilitundikwa Jumatatu tarehe 12. Jumatatu hiyohiyo hali ya dada ilizidi, na Abalo, aliyekuwa apike pale nyumbani, akahamia wodini kumuuguza. Jumanne jioni dada aliuliza kama sigiri imewashwa. Tulimwambia bado. Hakukasirika. Alipumzika ili apate pumzi ya kusema, kisha akasema, "Nikikufa, nyinyi mtasafisha. Nawajua. Msisafishe. Pikeni ndani." Alifariki Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Kijitabu mlicho nacho mkononi kinaishia hapo, pamoja na majina ya waliobaki, bila maneno niliyoyachomeka nikisoma. Yafuatayo nimeyaandika leo asubuhi kwa kalamu, baada ya kuingia katika nyumba ya marehemu.

Mmesafisha. Mmesikia kwamba Afande mkuu atakuja kuaga, mkachukua sabuni na brashi, mkaosha ukuta mzima hadi darini. Masizi ya miaka minne yameingia mtaroni. Mmepaka chokaa juu yake, bado inanuka. Ayot, wewe ndiye uliyeshika brashi ya kwanza, na mtoto wako ndiye yule aliyetolewa kwenye mvua. Nilipokuuliza, ulinijibu kwamba ulitaka dada aagwe kwa heshima. Naamini ulitaka hivyo. Na bado nilitoka nje nikaandika haya.

Na sasa tazameni. Kwa ajili ya msiba msimamizi ametoa ruhusa ya siku moja, masufuria yote yako hapa uani juu ya mafiga, moshi unapanda mbinguni kwa raha zake. Ndani, mashine iko ukutani, inavuta harufu ya chokaa na maua. Imevuta hewa safi tangu Jumatatu. Bwana Marjan ataichukua kesho asubuhi, ataisoma, na Jumatatu watu watapanda ngazi za Jengo B na ule ugali wao mweupe. Mradi umeleta shada la maua limeandikwa "Balozi wa Hewa Safi". Nimesoma maneno hayo mara mbili, na jibu nililo nalo si la kanisani.

Marehemu ameacha mwana, Ochan, pamoja na mkewe; binti, Abalo; wajukuu watano; ndugu watatu, mimi nikiwa mdogo wao; jirani na rafiki yake, Mama Perpétue; na watu wa Mulago wasiohesabika ambao walikula mkononi mwake na hawajui kwamba amekufa.

Gari la Kitgum litaondoka saa nane, na mashine bado iko ukutani hadi kesho. Afande, utatusamehe, chakula cha wageni kitachelewa na kitanuka moshi. Ochan, leta sigiri ya mama yako, iko chini ya ngazi. Ayot, beba sufuria ya maharage, iingize mle ndani wewe mwenyewe, uiweke pale alipokuwa akiiweka. Ikishawaka, tokeni wote, mtoto yeyote asikaribie, mlango ufungwe kama alivyokuwa akiufunga akijificha, na usifunguliwe hadi maharage yaive. Bwana Marjan, wewe simama hapa mlangoni pamoja nami. Dada yangu alale salama, amechoka. Washeni.